Binti Akivikwa Taji, Mzazi Amfundishe Nini?

Wahenga wetu walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii twaijua sote, na mara nyingi twaitumia kuwaonya watoto wetu, hasa mabinti, wasipende kujionyesha mbele za watu. Lakini leo twataka kuitia methali hii katika mizani. Maana liko jambo ambalo ndani yake binti mwema, aliyelelewa vizuri, hutembezwa njiani mbele ya macho ya watu elfu nyingi, tena kwa ridhaa ya baba na mama yake, amevikwa taji, ameketi juu ya gari lililofunikwa maua. Je, huyu naye ni kibaya kinachojitembeza? Na mzazi aliyemtengeneza na kumpeleka, ametenda vema au ametenda vibaya?

Huenda wasomaji wengine watasema ya kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo, wala hayatuhusu. Twawaomba wavumilie kidogo. Wazee wetu waliziona ngoma za Beni, Marini na Arinoti, zilizoandamana njiani kwa mavazi ya namna ya Kizungu, na wakubwa wake wakiitwa kwa majina ya kijeshi na ya kifalme. Na hata leo binti wa kwetu huwekwa mbele siku ya sherehe: huyu ashike maua ya kumpokea mgeni, yule aongoze kwaya, mwingine asome risala. Popote mtoto anapowekwa mbele ya wengine swali ni lile lile. Lakini tutachukua habari za mji mmoja wa mbali, kwa sababu huko desturi hii imekaa zaidi ya miaka 100, na mema yake na mabaya yake yamekwisha kuonekana wazi.

Mji huo ni Pasadena, katika jimbo la California, nchi ya Marekani. Tarehe 1 Januari mwaka 1890, chama cha wawindaji wa mji ule kiitwacho Valley Hunt Club kilifanya maandamano ya magari ya farasi yaliyopambwa maua. Nia yao ilikuwa kuwaonyesha watu wa mashariki ya nchi ile, waliokuwa wamezungukwa na theluji, ya kwamba huko Pasadena maua huchanua katikati ya majira ya baridi. Basi na tuseme kweli: tangu siku ya kwanza maandamano yale yalikuwa ya kujisifu. Mji wenyewe ndio uliojitembeza. Mwaka 1895 kiliundwa chama cha kuyasimamia, nayo yameendelea hata leo, isipokuwa yalikatizwa kwa sababu ya vita mwaka 1942, 1943 na 1945, na kwa sababu ya maradhi ya korona mwaka 2021.

Liko sharti moja katika maandamano hayo litakalowapendeza wasomaji wetu. Tangu mwaka 1893, tarehe 1 Januari ikiangukia Jumapili, maandamano husogezwa mpaka Jumatatu. Sababu yake ni kwamba zamani zile watu walikwenda kanisani kwa farasi, wakawafunga nje. Ikahofiwa wasije wakashtuka kwa kelele za maandamano na kuivuruga ibada. Farasi wale wametoweka siku nyingi, lakini sharti lao lingaliko. Tena Walutheri wa Marekani, kwa njia ya chama chao cha walei, walianza mwaka 1951 kupeleka gari lao la maua katika maandamano hayo, wakaendelea kufanya hivyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa haraka ya kwamba jambo lote ni uovu. Maua si dhambi, na furaha ya mji si dhambi.

Magari yale si kama magari ya kawaida. Kila sehemu inayoonekana hufunikwa kwa maua, au majani, au mbegu, au maganda ya miti, isionekane hata bati moja tupu. Njia yenyewe ni ya maili 5 na nusu, yaani karibu kilomita 9, na maandamano huchukua kama saa mbili. Watu wengi hulala kando ya njia usiku kucha, wamejifunika mablanketi kwa sababu ya baridi, ili asubuhi wapate mahali pa mbele.

Malkia wa kwanza wa maandamano aliwekwa mwaka 1905. Jina lake Hallie Woods. Alichaguliwa na wanafunzi wenzake, akaishona nguo yake mwenyewe, akasaidia na kulipamba gari atakalolipanda. Hapo twapenda kusimama kidogo. Binti yule aliketi juu ya maua aliyoyafunga kwa vidole vyake, amevaa nguo aliyoitia sindano yeye mwenyewe. Watu walipomshangilia, walishangilia pia kazi ya mikono yake. Baadaye mambo yakakua. Mamia kwa mamia ya wasichana, wengi wao wa umri wa miaka 17 au zaidi kidogo, hujiandikisha. Huitwa mbele ya kamati na kuulizwa maswali, tena na tena. Wengi hurudishwa nyumbani. Na kwa desturi ya miaka mingi wamebaki saba. Kisha mmoja katika hao saba hutangazwa kuwa malkia, na wale sita huwa mabinti wa kifalme wa kufuatana naye.

Sasa twende kwenye lawama. Wako wasemao ya kwamba kumtayarisha binti kwa jambo la namna hii ni kumharibu, nasi hatutaki kulidharau neno lao, maana lina nguvu. Moyo wa binti wa miaka 17 ni kama chungu ambacho hakijachomwa: kila kidole kikigusacho huacha alama. Ukimzoeza kuuliza kila asubuhi, "Naonekanaje?", huenda asijue tena kuuliza, "Nafanya nini?" Ukimpeleka mbele ya waamuzi wampime kama mtu apimavyo nguo dukani, huenda akaamini ya kwamba thamani yake iko mikononi mwa mpimaji. Tena iko lawama nyingine iliyo chungu zaidi, nayo humhusu mzazi. Mama aliyelikosa taji katika ujana wake huweza kulitafuta juu ya kichwa cha binti yake, na baba asiyejulikana mjini huweza kutaka ajulikane kwa uso wa mtoto. Hapo mtoto amekuwa kama bendera ya mtu mwingine, na bendera haiulizwi kama inaona baridi.

Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, twaona hayatoshi kulimaliza shauri. Maana kujificha nako si unyenyekevu sikuzote. Wako wajifichao kwa kuogopa kupimwa, na hofu hiyo ni mtoto wa kiburi. Wako na wazazi wawafichao mabinti zao kwa kudhani ya kwamba mwanamke hana haki ya kusimama mbele za watu na kusema neno. Tena wahenga wale wale walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Mji ukiwa na furaha hutaka mtu wa kuibeba furaha hiyo, nao humchagua mtoto wake uliyemwona akikua. Mtoto huyo hakujitembeza mwenyewe, ametumwa. Na mtu aliyetumwa hawezi kuhesabiwa pamoja na mtu aliyejipeleka.

Basi twawezaje kujua kama binti ametumwa au amejitembeza? Kwa kumtazama juu ya gari hatuwezi kujua. Wote wawili wamevaa taji, wote wawili wanapunga mkono. Tofauti yao ilifanyika zamani, nyumbani, katika yale ambayo mzazi alimfundisha kabla ya siku ile.

Kuna mafundisho ya nje: namna ya kuketi wima, namna ya kupunga mkono usichoke upesi, namna ya kusema na wakubwa bila kuinamisha kichwa na bila kukiinua mno, kuamka kabla ya alfajiri, kutabasamu kwa muda wa saa mbili katika baridi ya asubuhi. Hayo tusiyacheke. Anayeweza kuwa mpole wakati mwili unatetemeka amejifunza jambo litakalomfaa siku nyingine, kando ya kitanda cha mgonjwa, au mbele ya mkwe mkali. Lakini mafundisho ya nje mtu yeyote aweza kuyafundisha. Yako mengine matatu ambayo ni kazi ya mzazi.

Fundisho la kwanza ni kutazama. Binti aliyeketi juu ya gari hutazamwa na wote, na hatari yake ni kusahau ya kwamba yeye naye ana macho. Mzazi na amwambie: "Mwanangu, pale chini yuko mzee aliyelala juu ya saruji usiku kucha ili akuone. Yuko mtoto aliyeinuliwa mabegani mwa baba yake. Wewe umewafikia watu hao kama mgeni, nao wamekukalisha mahali pazuri. Basi watazame. Mkono wako unapopunga, macho yako na yaone mtu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine." Binti afanyaye hivi hageuki kuwa sanamu. Yeye anayetazamwa na elfu, naye akawatazama elfu, ametoa kwa kadiri alivyopokea.

Fundisho la pili ni kutokuchaguliwa. Fundisho hili wazazi wengi hulisahau, kwa kuwa humtayarisha mtoto kwa ushindi tu. Lakini hesabu ni rahisi: katika mamia, saba, katika saba, mmoja. Karibu kila binti anayetayarishwa ataambiwa siku moja, "Rudi nyumbani." Je, usiku ule mama atasema nini mlangoni? Akisema, "Waamuzi wale ni vipofu," amemfundisha binti kwamba thamani yake kweli ilikuwa mikononi mwa waamuzi, ila wameiiba. Akisema, "Lilikuwa jambo dogo tu," amesema uongo, na binti ajua, kwa sababu aliona jinsi mama alivyoishona ile nguo. Sisi twadhani ni bora asiseme mengi. Amwache alie kama analia. Ampakulie chakula, ale pamoja naye. Na asubuhi amwamshe kwa kazi zake za kila siku, kwa sauti ile ile ambayo angalimwamshia kama angalichaguliwa. Katika sauti ile binti atasikia jambo ambalo hotuba haiwezi kulisema: ya kwamba mahali pake nyumbani hapakutegemea kamati.

Fundisho la tatu ndilo gumu, nasi tutalieleza kwa habari ya kweli. Mwaka 1957 wafanyakazi wa ofisi za mji wa Pasadena walimchagua mwenzao mmoja, Bibi Joan Williams, awe mwakilishi wa mji katika maandamano ya mwaka 1958, kwa cheo cha "Miss Crown City", yaani Bibi wa Mji wa Taji. Hakuwa msichana tena. Alikuwa mama mwenye watoto. Rangi yake ilikuwa nyeupe kiasi, na wakubwa hawakutambua mapema ya kwamba alikuwa wa ukoo wa watu weusi. Walipojua, mambo yakageuka. Akaambiwa ya kwamba mwaka ule mji hautapeleka gari, kwa kuwa fedha hazikutosha. Na wenzake kazini, waliosema naye vizuri siku zote, wakaanza kunyamaza apitapo. Maandamano yakapita, maua yakapita, naye hakupanda.

Na tuirudie methali yetu. Chema chajiuza? Hapa chema hakikujiuza. Kililetwa sokoni, kikachaguliwa, kikatambuliwa kuwa chema. Kisha mnunuzi akakirudisha, si kwa kasoro ya kitu, bali kwa upofu wa macho yake. Kwa hiyo tusiwaambie mabinti zetu kwa wepesi ya kwamba wakiwa wema tu dunia itawaona. Huenda isiwaone. Huenda ikawaona na kuwakataa, na kuongeza uongo juu ya kukataa.

Iliwapasa watu kungoja. Mwaka 1981 Leslie Kawai alikuwa malkia wa kwanza mwenye asili ya Asia, na mwaka 1985 Kristina Smith alikuwa malkia wa kwanza wa watu weusi. Na mwaka 2015, baada ya miaka 57, Bibi Williams aliitwa tena, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Akapanda gari la kwanza kabisa lililoyatangulia maandamano. Watu walishangilia, nasi twafurahi kwamba alipata kuiona siku ile akiwa hai. Lakini furaha hiyo haiwezi kuurudisha ule mwaka 1958. Watoto wake waliokuwa wadogo, ambao wangalimpungia mama yao mkono kando ya njia, walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Haki iliyochelewa hupokewa kwa shukrani, wala hatuna ruhusa ya kusema ya kwamba kuchelewa si kitu.

Sasa, liko fundisho gani hapa kwa mzazi? Twaliona moja lililo wazi: amfundishe binti yake asiyaweke maisha yake juu ya kiti ambacho mwingine aweza kukiondoa. Lakini liko na lingine tunalolisahau. Katika maandamano ya mwaka ule walikuwapo mabinti wengine waliopanda, wakapunga mkono, wakarudi nyumbani wamefurahi. Hatuwalaumu, huenda hawakujua lolote. Ila twauliza: je, wazazi wangapi waliwafundisha mabinti zao kutazama kiti kilicho tupu? Fundisho la tatu ndilo hilo. Binti anapowekwa juu na ajiulize, "Ni nani asiye hapa? Kwa nini hayupo? Nami, kwa kuwa nimepewa mahali pa kusikiwa, naweza kusema nini kwa ajili yake?"

Wasomaji wetu watamkumbuka Esta. Yeye naye alitayarishwa kwa miezi 12, sita kwa mafuta ya manemane na sita kwa manukato, kabla ya kuingia kwa mfalme. Na Mordekai aliyemlea hakukosa hata siku moja kuzunguka karibu na ua ule, akiulizia habari za mtoto. Huo ndio moyo wa mzazi. Lakini ilipofika siku ya hatari, Mordekai huyo huyo hakumwambia ajifiche ili alihifadhi taji. Alimwonya ya kwamba huenda aliupata umalkia kwa sababu ya watu wake waliokuwa nje. Mafuta na manukato yalimfikisha mlangoni tu. Lililomwingiza ndani, kusema neno ambalo lingeweza kumwua, halikutoka katika chupa za manukato. Lilitoka katika malezi.

Na mwisho wa yote ni kushuka. "Mpanda ngazi hushuka," walisema wazee. Magari yale ya Pasadena, yakiisha kupita, huwekwa mahali watu wapate kuyaona kwa karibu kwa muda mfupi. Maua yanaanza kunyauka. Kisha huvunjwa, na chuma chake hungoja mwaka mwingine. Na binti hurudi shuleni. Mwaka ukigeuka, mwingine atavikwa taji lile. Mzazi mwenye busara humtayarisha mtoto wake kwa asubuhi ile kuliko kwa asubuhi ya taji. Humwambia mapema, "Hiki ni cha kuazima. Kitunze vizuri kwa maana si chako, na ukirudishe bila kulia kwa maana si chako." Mtu aliyejua tangu mwanzo ya kwamba ameazima, hushuka ngazi bila kuanguka.

Basi, kwa maoni yetu, methali ya wahenga haikukosea, ila twaitumia vibaya tunapodhani ya kwamba inasema juu ya njia na magari. Inasema juu ya moyo. Yuko anayejitembeza hali ameketi jikoni kwake, kwa kuwa kila neno lake lataka sifa. Tena yuko aliyepitishwa mbele ya mji mzima wala hakujitembeza, kwa kuwa macho yake yalikuwa juu ya wengine.

Ndugu wazazi, huenda hapana hata mmoja wetu atakayempeleka binti yake kwenye magari ya maua. Lakini mwezi huu, au mwezi ujao, mmoja wa mabinti zetu ataitwa mbele: kushika maua, kuongoza wimbo, kusoma risala. Mshoneeni nguo, wala msione haya kwamba mwaifurahia. Mfundisheni kusimama wima. Kisha, jioni moja kabla ya siku ile, ketini naye, mkamwulize maswali haya matatu: Utamtazama nani? Usipochaguliwa mara nyingine, utakuwa nani? Na ni nani ambaye hakuitwa, aliyestahili kuitwa? Akiweza kuyajibu, mwacheni apande. Na akishindwa kuyajibu, msimkemee. Na tujiulize kwanza kama sisi wenyewe tungeweza.